Hogo limetoka, mfupa umeunga: mbona vidole havinisikii?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, fundi cherehani. Nimelifupisha kwa ruhusa yake:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nilianguka kwenye bodaboda nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kichwani sikuumia, nilivaa kofia ngumu. Nimekaa na hogo wiki sita, limetolewa wiki mbili zilizopita, na eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Lakini mkono huu siujui. Nikitaka kutunga uzi, vidole vinachelewa kama vinafikiri kwanza. Mkasi unanidondoka. Kutarizi shingo ya kanzu, kazi niliyoianza tangu nikiwa msichana, siwezi hata mstari mmoja. Wifi yangu anasema nadeka, jirani anasema nimetupiwa jambo. Mimi nauliza: kuna kitu kimeharibika kwenye ubongo? Na vitambaa vya wateja vya sikukuu nivirudishe?"

Nzuri, dada yangu, na pole kwa ajali na kwa maneno unayoyasikia hapo nyumbani. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa maelezo yako, ubongo haukuumia. Kichwa hukupiga, hujataja ulimi mzito wala mguu kulegea, na tatizo limebaki kwenye mkono ule ule uliofungwa. Hudeki, na hakuna aliyekutupia kitu.

Hata hivyo hukukosea kuutaja ubongo. Wakati mfupa unaunga ndani ya hogo, ubongo nao ulikaa wiki sita bila kazi ya mkono wa kulia, ukajizoesha hali hiyo. Sehemu kubwa ya kuchelewa unakokueleza inatoka huko juu. Iliyobaki ni viungo kukakamaa, misuli kupungua, na hofu ya maumivu. Haya huja pamoja, na kuyatenganisha ndiyo kazi ya kwanza ya mtu wa tiba ya viungo. Unaweza kuanza mwenyewe sasa hivi: tumia mkono wa kushoto kukunja taratibu vidole vya kulia kuelekea kiganjani. Kama havifiki hata vikisaidiwa, kiungo kimekakamaa. Kama vinafika vikisaidiwa lakini ukiviagiza vyenyewe vinaishia njiani, basi tatizo liko kwenye kinachovivuta au kinachoviagiza: misuli, kano, neva, au ubongo. Watu wengi waliotoka kwenye hogo wana kidogo cha huku na kidogo cha kule.

Kwa nini kutunga uzi na kutarizi ndiko kulikopotea zaidi, wakati kushika mpini wa ufagio pengine unaweza? Mwaka 1937 Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha ramani waliyoipata kwa kugusa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kwa umeme mdogo wakati wa upasuaji, wagonjwa wakiwa macho. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kwa hiyo mgonjwa aliweza kueleza kinachomtokea: hapa kidole kimecheza bila mimi kutaka, hapa mdomo umevutika. Kilichoonekana ni kwamba mkono na uso vimechukua nafasi kubwa kupita kiasi, kiwiliwili kizima kikapewa kaeneo kembamba. Ubongo haugawi nafasi kwa ukubwa wa kiungo, hugawa kwa ufundi wake.

Kisha mwaka 1968 Donald Lawrence na Henricus Kuypers walikata kwa nyani ile njia ya neva inayoshuka moja kwa moja kutoka gamba la ubongo hadi kwenye uti wa mgongo. Baada ya muda wanyama wale walitembea, walikwea, walishika nondo za kizimba chao kwa nguvu. Walichoshindwa ni kuchomoa kipande cha chakula kwenye kitundu kwa gumba na kidole cha shahada. Mkono mzima ulifumba na kufumbua kwa pamoja, lakini kidole kimoja kimoja hakikuweza tena kwenda kivyake. Kutunga uzi ni kazi ya njia hiyo hiyo. Yako haijakatwa, imekaa bila kazi, na kazi zinazoitegemea zaidi ndizo zinazoonyesha upungufu mapema.

Mkasi una habari yake. Unapoinua kitu, vidole hukaza kadiri uzito unavyoongezeka, na hukaza kidogo tu kuliko kinachohitajika kisiteleze. Roland Johansson na Göran Westling wa Umeå, Sweden, walilipima jambo hili mwaka 1984. Kitu kikianza kuteleza, vidole hujirekebisha kabla mtu mwenyewe hajatambua. Ngozi ya ncha za vidole ikitiwa ganzi, hesabu hiyo huvurugika: mtu hukaza kupita kiasi, au kitu kinamponyoka. Upande wa kiganja wa mkono mmoja una vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000, na vyako kwa wiki sita ama vilifunikwa na plasta ama havikugusa kitu cha maana. Hakuna kitambaa, hakuna unga, hakuna sabuni. Ubongo unakisia uzito wa mkasi kwa taarifa za zamani. Nina hakika ukijichunguza utaona kwamba mara nyingine unaubana mkasi hadi kiganja kinauma, na dakika inayofuata unadondoka. Ni kosa lile lile, limekwenda pande mbili.

Sasa nikueleze ni upesi kiasi gani haya hutokea, kwa sababu watu hudhani ubongo unahitaji miaka kubadilika. Mwaka 2006 Reto Huber na wenzake waliwafunga watu wazima wenye afya mkono mmoja kwa saa 12 tu za mchana. Jioni mkono ule haukulenga vizuri kama asubuhi. Usiku, watu wale wakiwa usingizini, mawimbi ya usingizi mzito yalikuwa yamepungua palepale kwenye eneo la ubongo linaloongoza mkono uliofungwa, na kwingine yakabaki kama kawaida. Siku moja tu, na alama imeonekana.

Chuo Kikuu cha Zurich kiliwafuatilia watu 10 wanaotumia mkono wa kulia, waliokuwa wameumia mkono huo huo na kufungwa wasiweze kuusogeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Walipigwa picha za MRI ndani ya siku mbili baada ya kuumia, na tena baada ya wastani wa siku 16. Gamba la ubongo wa kushoto, unaoongoza mkono wa kulia, lilikuwa limepungua unene kwenye eneo la mwendo na lile la hisia. Upande wa pili ulikwenda kinyume: eneo la mkono wa kushoto liliongezeka unene, na mkono huo wa kushoto ukawa stadi kuliko ulivyokuwa. Nadhani hapa unajiona mwenyewe. Katika wiki sita umejifunza kufunga kanga, kukoroga uji na kubonyeza simu kwa kushoto. Ni jambo jema, lakini lina gharama, na nitalirudia.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wa mwaka 2020. Watu watatu wenye afya walikubali kufungwa plasta mkono wao wa kulia kwa wiki mbili, mmoja wao akiwa mtafiti mwenyewe, Nico Dosenbach, na ubongo wao ukapigwa picha kila siku, kabla, wakati na baada. Kwa kawaida eneo la mkono wa kulia na eneo la mkono wa kushoto hupiga kwa mdundo mmoja hata mtu akiwa amelala tu bila kufanya kitu. Ndani ya saa 48 za kufungwa, mdundo ule ulianza kuachana. Ni kama mpiga fidla wa kikundi cha taarabu aliyekosa mazoezi: ujuzi wa fidla anao, lakini wenzake wameshazoea kupiga bila yeye. Jambo lingine walilogundua lilinigusa sana. Eneo lile lisilo na kazi lilianza kutoa mipigo mikubwa ya ghafla, yenyewe, bila mkono kusogea. Watafiti wanadhani huenda mipigo hiyo inasaidia kulinda mtandao ule usipotee wakati hautumiki. Na plasta ilipotolewa, muungano ulirudi ndani ya siku chache.

Usijipime kwa siku zao. Wale hawakuvunjika, hawakuvimba, hawakuwa na maumivu, na walifungwa wiki mbili. Wewe umefungwa mara tatu ya muda wao, juu ya jeraha. Chukua mwelekeo tu: kinachopotea kwa kutotumika hurudi kwa kutumika.

Je, eneo la mkono wako limenyang'anywa na viungo vingine? Wengi husoma hivyo mtandaoni, na chanzo chake ni cha kweli. Mwaka 1984 Michael Merzenich na wenzake walionyesha kwamba nyani aliyekatwa kidole, eneo la ubongo la kidole kile huanza kuitikia vidole vya jirani. Kwa miaka mingi tukafundishwa kwamba pasipotumika hutwaliwa. Lakini mwaka 2023 Tamar Makin na John Krakauer waliandika kwa nguvu kwamba fundisho hilo limekuzwa kupita ushahidi, na mimi nasimama nao. Picha za ubongo wa watu waliopoteza mkono miaka mingi iliyopita zinaonyesha kwamba wakijaribu kusogeza vidole visivyokuwepo, ramani ya vidole vile bado inawaka mahali pake. Kama ramani ya mkono uliokatwa inadumu miaka na miaka, yako ya wiki sita haijafutika.

Hata nguvu zilizopotea hazikupotea misulini tu. Mwaka 2014 Brian Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio waliwafunga kifundo na mkono watu 29 wenye afya kwa wiki nne. Nusu yao, siku tano kwa wiki, walikaa kimya wakiwaza kwamba wanakaza kifundo kwa nguvu zote kwa sekunde tano, kisha wanapumzika, bila kusogeza chochote. Wasiowaza walipoteza asilimia 45 ya nguvu, waliowaza walipoteza asilimia 24. Misuli yote ilifungwa sawa, tofauti ilikuwa ubongoni. Kwa hiyo anayekuambia "tatizo lako ni misuli, kamua mpira" amekupa nusu ya jibu, tena nusu ndogo kwa mtu wa kazi yako. Nimeona wagonjwa waliokamua mpira miezi mitatu, wakapata mkamuo wa kutosha, na kifungo bado kinawashinda.

Fanya hivi.

Kwanza lainisha kiungo. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha kunja na kunjua vidole na kifundo hadi pale unapohisi mvuto, si pale unapotaka kulia. Vipindi vifupi mara nyingi kwa siku vinafaa kuliko saa nzima ya jioni. Mkono ukivimba zaidi kesho yake, umezidisha.

Pili, rudisha mguso, kwa maana bila huo vidole vinafanya kazi gizani. Wewe una bahati ya kuwa na duka la vifaa nyumbani. Weka vifungo vya aina tofauti kwenye bakuli la mchele: cha matundu mawili, cha matundu manne, cha mguu. Tazama kimoja, kipapase, kisha fumba macho ukitafute chenzie kwa vidole vya kulia. Ukikosea, fumbua macho utazame huku bado unapapasa, ili jicho limfundishe kidole. Fanya hivyo na vitambaa pia: pamba, satini, kitenge kipya chenye wanga, kitenge kilichofuliwa. Wenye kuumia neva hufundishwa kwa njia ya namna hii, na kwa mkono uliotoka kwenye hogo nayo inafaa.

Tatu ni kazi yenyewe, na hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako nyingi. Ubongo haurudishi "mkono" kwa jumla, hurudisha kitendo unachokirudia. Anza na shazia na uzi mnene wa kushonea magunia. Usitafute kasi. Shika shazia kwa kushoto, tunga kwa kulia, na ujisikilize gumba na kidole cha shahada vinavyokutana. Ikizoeleka, shuka kwenye sindano kubwa ya mkono, halafu ile ya kutarizi. Halafu piga mishono ya kupitisha kwenye kipande cha shuka kuukuu, mistari mirefu, mishono mikubwa, na kila siku uipunguze urefu kidogo. Mkono ukianza kutetemeka au mishono ikianza kuharibika, pumzika. Ukiendelea ukiwa umechoka, unayarudia makosa, nayo yanazoeleka vilevile.

Kabla ya kila kipindi, fumba macho ukashone akilini. Usijitazame kama unaangalia mtu kwenye video. Jisikie ndani ya mkono: ubaridi wa sindano, kitambaa kinavyokataa kidogo kabla hakijatobolewa, uzi unavyopita. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwapa zoezi la namna hii watu walioshonwa kano za kukunja vidole na kufungwa wiki kadhaa. Waliowaza mwendo hawakuchelewa sana kuanza kusogeza vidole kama wenzao wasiowaza. Kule "kufikiri kwanza" unakokulalamikia ndiko hasa walikokuwa wanakupima.

Ile gharama ya mkono wa kushoto ni hii: umekuwa mzuri, na ubongo huchagua ulio mzuri bila kukuuliza. Edward Taub alilitazama jambo hili kwa nyani, kisha kwa waliopooza kwa kiharusi: kiungo kikishindwa mara nyingi, mtu huacha kukijaribu, na mazoea ya kuacha hubaki hata uwezo unaporudi. Kwa kiharusi walifika mahali pa kufunga mkono usio na tatizo ili ulioshindwa ulazimike. Wewe hauhitaji kufungwa tena. Chagua mambo machache ya kila siku yawe ya kulia peke yake, hata yakichukua muda: kupiga mswaki, kufunga vifungo vya nguo, kuhesabu chenji, kula wali kwa vidole. Hilo la mwisho lina kila kitu ndani yake, joto, mguso, kukusanya, kipimo cha nguvu, na linakuja mara mbili kwa siku bila kutenga muda.

Kuhusu vitambaa vya sikukuu: usivirudishe vyote. Mishono ya mashine iliyonyooka, mapindo, gauni za kawaida, anza nazo polepole, kulia kwa kuongoza kitambaa na kushoto kusaidia, na uvunje kazi vipande vifupi. Kukata kitambaa kizito kwa mkasi mkubwa, mwachie kijana au mwenzio kwa sasa, kwa sababu kifundo bado hakijawa tayari kwa mkazo huo. Kanzu za kutarizi mpe fundi unayemwamini, umwambie mteja ukweli. Kwa mfupa huu hali huendelea kuwa bora kwa miezi kadhaa, na kwa wengine hadi mwaka, ingawa sehemu kubwa ya nafuu huja miezi sita ya mwanzo.

Kama kuna msomaji ambaye bado yuko ndani ya hogo, usingoje litoke. Chezesha vidole vyote vilivyo wazi, kisukusuku na bega tangu siku za mwanzo, isipokuwa daktari amekukataza, shona au andika akilini, na ufanyishe mkono usioumia mazoezi ya nguvu. Tangu mwaka 1894, Edward Scripture na wenzake wa Yale walionyesha kwamba ukiufanyisha mazoezi mkono mmoja, wa pili nao huongezeka nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada waliwajaribu wanawake wa zaidi ya miaka 50 waliovunjika kifundo kama huyu dada, na waliofanyisha mazoezi mkono usioumia walikuwa na nguvu zaidi kwenye ulioumia ilipofika wiki ya 12. Na hogo likibana, vidole vikifa ganzi, vikiwa vya bluu au vya baridi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nawe, dada, kuna mambo matatu ambayo sitaki uyabebeshe ubongo. Laza kiganja mezani, halafu inua gumba peke yake kuelekea juu. Kama lilikuwa linainuka na ghafla limeacha, huenda kano yake imekatika. Hutokea wiki kadhaa baada ya kifundo kuvunjika, hata pale mfupa haukuhama, na mara nyingi bila maumivu makubwa. Mazoezi hayaliponyi, linahitaji daktari wa upasuaji wa mifupa. La pili ni ganzi ya gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa inayokuamsha usiku: neva imebanwa kifundoni, nayo ikiachwa muda mrefu misuli ya shina la gumba hunyauka. La tatu ni maumivu ya moto yasiyolingana na jeraha, mkono ukivimba, ukibadilika rangi au joto, ukitoa jasho kupita wa pili, na hata shuka ikiugusa unaruka. Hapo usijikaze wala usikamuliwe vidole kwa nguvu na mtu yeyote, hata kama ni kwa mafuta ya nazi na nia njema. Nenda kwenye idara ya tiba ya viungo, au kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo kama hospitali yenu ya mkoa anaye, na umwambie maneno haya haya: maumivu yamezidi jeraha, na mkono umebadilika rangi. Tunayo njia ya kuanza na hali hiyo, ikiwa ni pamoja na kutambua picha za mikono, kuwaza mwendo, na mazoezi ya mbele ya kioo, na inafaa zaidi ikianza mapema.